Kilo Tano za Doortje

Jumatatu, 3 Machi

Barua imefika. Dada yangu Aukje amenisomea kwa sauti yake ile ya kutangaza msiba. Shule ya mbwa waongozaji itamtuma mkaguzi Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 13. Atampima Doortje uzito, ataangalia mwendo wake, kisha ataandika ripoti kuhusu matunzo anayopata. Matunzo. Miaka minane mbwa huyu ananivusha barabara za mji huu, hajanigongesha hata nguzo moja, na mimi sijawahi kumkanyaga hata mkia. Leo wanataka kuandika ripoti.

Doortje anakaribia miaka kumi. Ni mbwa wa aina ya labrado, wa rangi ya siagi, ndivyo ninavyoambiwa. Mimi nimezaliwa sioni, kwa hiyo siagi naijua kwa ladha tu. Novemba daktari wa wanyama alimpima akasema kilo thelathini na nne, na kwamba anatakiwa awe na ishirini na tisa. Nikamwambia mizani yake mbovu. Akapanda yeye mwenyewe kunihakikishia kuwa ni nzima. Nikamwambia basi na yeye apunguze.

Aukje anasema Doortje akishindwa ukaguzi atastaafishwa. Halafu atakaa wapi? Tunaishi ghorofa ya tatu, ngazi arobaini na nane, lifti hakuna. Nikamjibu kwamba katika nyumba hii hastaafu mtu. Akaenda kupasha supu ya njegere.

Naandika haya kwa mashine yangu ya nukta nundu. Aukje hajui kusoma nukta. Naweza kusema kwa uhuru kamili kwamba supu ilikosa chumvi.

Azimio: ifikapo tarehe 13, kilo tano ziwe zimetoka. Au zionekane zimetoka.

Jumanne, 4 Machi

Nimefanya uchunguzi. Mimi nampa Doortje kikombe kimoja cha chakula chake asubuhi na kimoja jioni, kwa vipimo vya shule. Kwa hiyo kuna mtu mwingine anamlisha kwa siri.

Washukiwa: wenzangu wa ofisi ya mji, ambako napokea simu. Ymkje wa kibanda cha samaki. Na Sietse Boonstra.

Sietse naye haoni. Tunaimba wote kwaya, yeye anajifanya ana sauti nzito kuliko yangu. Mbwa wake, Bink, ana miaka mitatu na ni mwembamba kama mwavuli uliokunjwa. Sietse ni mjumbe wa kamati ya watumiaji wa mbwa. Huwa anakwenda maktaba kutoa mihadhara juu ya haki za mbwa wa kazi: saa zake za kupumzika, kucha zake, meno yake. Watu wanapiga makofi. Mtu wa namna hiyo anaweza kumnenepesha mbwa wa mwenzake makusudi ili wake asifiwe. Sina ushahidi bado.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwagiza Aukje aandike kibao, herufi kubwa, tukifunge kwenye mkanda wa kazi wa Doortje: NIKO KAZINI. USINIPE CHAKULA. USINISHIKE.

Sikujua kwamba watu wa mji huu wanapenda kusoma kiasi hiki. Walisimama. Waliinama. Mzee mmoja alisoma kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha akampapasa Doortje kichwa akimpa pole kwa kunyimwa chakula. Mwanamke mmoja aliniuliza kama kuna mahali pa kuniripoti kwa kumnyima mbwa chakula. Mwingine alimpa mkate wa sukari kwa huruma. Niliusikia ukitafunwa. Kipande kikubwa.

Nimechelewa kazini dakika ishirini na tano. Kibao nimekitupa kwenye pipa la karatasi.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimemkabili Ymkje. Nilisimama mbele ya kibanda chake kule bandarini, upepo unanichapa masikioni, nikamwambia waziwazi kwamba anamwua mbwa wangu kwa samaki wa kukaanga.

Mafuta yakaendelea kuchemka. Kisha akasema, "Bwana Wubbe, mimi mbwa wako sijampa hata mwiba. Samaki nakupa wewe. Kila siku saa sita, kifuko kimoja. Wewe unakula vipande viwili, vingine vyote unavishusha chini hapo."

Watu kwenye foleni wakacheka. Nilimwambia huo ni uzushi. Yule bibi aliyekuwa nyuma yangu akasema ameniona Jumanne. Mwanamume mwingine akasema ameniona Jumatatu, na kwamba siku hiyo ilikuwa samaki aina ya heringi.

Naandika hapa ili ijulikane: kuonjesha siyo kulisha. Mfanyakazi akimaliza zamu anastahili kitu mkononi. Mimi mwenyewe nikiwa zamu ofisini napewa kahawa na biskuti, na hakuna anayekuja kunipima mbavu. Ukoko wa jibini asubuhi ni heshima tu. Ganda la mkate mweusi saa nne ni desturi. Kaukau za Ijumaa ni za Ijumaa.

Nimejumlisha kichwani, nikaacha. Hesabu haikuwa ikielekea pazuri.

Kuanzia kesho hapati kitu. Mimi pia sili mbele yake.

Jumapili, 9 Machi

Jana kutwa Doortje hakuonja kitu nje ya vikombe vyake viwili. Anaweka kidevu juu ya goti langu na kupumua. Hafanyi fujo, anapumua tu, pumzi ndefu, kama karani wa mahakama. Leo asubuhi nimempa ukoko mmoja. Mdogo.

Kwenye kwaya Sietse aliomba ruhusa amshike. Akampapasa ubavuni polepole, kisha akasema, "Wubbe ndugu yangu, nimetafuta mbavu, sijazipata. Na hapa nyuma anatetemeka. Umemsikia akipanda ngazi siku hizi?"

Nimemsikia. Anapanda mbili, anatua, anapanda mbili. Nilidhani ananisubiri mimi.

Nilimwambia Sietse atafute mbavu za mbwa wake, hazina shida kuonekana. Kisha nikaimba mstari wangu kwa nguvu mpaka kiongozi wa kwaya akaniomba nishushe.

Hata hivyo nimerudi nyumbani na mpango. Mkaguzi atatufuata kutoka nyumbani mpaka ofisini kwangu. Njia hiyo naijua kuliko kiganja changu. Kwa nini Doortje ahangaike kuniongoza, ajichoshe, aonekane mzito? Nitahesabu hatua. Nitashika mshikio wa mkanda wake kama kawaida, lakini mimi ndiye nitakayemwongoza yeye. Atatembea kwa raha kama mtu aliye likizo. Mkaguzi ataona mbwa mwepesi, mwenye furaha, na mwendo wa ujana.

Sijawahi kuwa na wazo safi namna hii.

Jumanne, 11 Machi

Mazoezi. Hatua mia mbili kumi na mbili hadi kona. Kushoto. Mia tatu arobaini kufuata mfereji. Kulia. Mia moja themanini na tano hadi mlango wa ofisi. Nimefanya mara sita bila Doortje, kwa fimbo nyeupe, na mara tatu naye. Doortje hakupenda. Alikuwa akisimama na kunigeuzia uso, nasikia mkanda wa shingoni mwake ukilia, kama mtu aliyeingia jikoni kwake akamkuta mgeni anapika.

Kazini nilikuwa narudia hesabu kichwani mchana kutwa. Mkandarasi wa mabomba alipiga simu kutoa taarifa fulani, barabara fulani, siku fulani. Nilikuwa hatua ya mia tatu na sita. Nikamwunganisha na idara ya maua.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika mkono ukiwa na bendeji.

Mkaguzi anaitwa Renske. Sauti ya kijana, buti nzito, mkono wa mtu anayefanya kazi. Alikunywa kahawa, akamsalimu Doortje kwa kukaa naye sakafuni muda mrefu. Kisha akasema yeye atakuwa nyuma yetu hatua kumi, tujisahaulishe kwamba yupo.

Tulianza vizuri. Mia mbili kumi na mbili, kona, kushoto. Upepo wa bahari, kengele za baiskeli, Doortje kando yangu anatembea bila haraka. Nilitabasamu kwa ajili ya ripoti. Hatua ya mia moja, mia mbili. Hatua ya mia mbili sitini na nane akasimama.

Nikamwambia mbele. Hakwenda. Nikamwambia tena, kwa sauti ya chini, kwamba huu siyo wakati wake. Akajiweka mbele ya miguu yangu, kimshazari, mwili wote. Nikajua ni nyonga zinamsumbua, nikajua Renske anaandika, nikaona kila kitu kinaharibika kwa ajili ya hatua sabini na mbili zilizobaki kufika kona. Basi nikamzunguka. Nilimvuta mbwa wangu. Miaka minane sijawahi kumvuta.

Akaniegemea magotini kwa kilo zake zote. Nikaanguka juu yake, mkono ukachubuka kwenye mawe, na kofia ikanitoka. Niliisikia ikibiringika kidogo. Kisha sikuisikia. Kisha nikasikia maji.

"Usisogee, Bwana Haanstra," Renske alisema, na sasa alikuwa karibu sana, ameshika koti langu. "Mbele yako kuna shimo. Kina chake kinanipita mimi."

Wachimbaji wa mabomba walikuwa wamekwenda kunywa kahawa na kuacha kizuizi upande mmoja tu. Nilikaa chini pale kwenye mawe. Doortje alikuwa bado amenilalia miguu, haondoki, moyo wake unapiga kwenye goti langu.

Renske akakaa nasi. Akasema aliona toka kona ya kwanza. "Mguu wako ulikuwa unatangulia mkono wako. Ulikuwa unamwongoza mbwa." Akaendelea, "Mbwa amefaulu. Kichwa chake kizuri kuliko mbwa wengi wa miaka minne. Wewe ndiye sijui nikuandikeje."

Nikamwambia aandike kwamba kofia ilikuwa mpya.

Ijumaa, 14 Machi

Kwa daktari wa wanyama, na Renske akiwepo. Kilo thelathini na nne na nusu. Sikubishana na mizani. Picha za mifupa: nyonga zote mbili zimesagika. Daktari alisema Doortje ana maumivu tangu vuli, labda kabla. Uzito umeyazidisha. Nikamwuliza mbona hakulia. Akasema mbwa wa aina hii halii akiwa kazini, na Doortje yuko kazini tangu anapoamka mpaka ninapolala.

Nilimwambia daktari mikono yake ya baridi ndiyo inayomtia mbwa maumivu. Hakuna aliyeniunga mkono. Hata Doortje.

Renske alisema kazi imekwisha kuanzia leo. Mkanda wa kazi asivishwe tena. Anaweza kubaki kwangu kama mbwa wa nyumbani, lakini ngazi arobaini na nane mara nne kwa siku haiwezekani. Ama apatikane wa kumbeba, ama apatikane mwenye nyumba ya chini. Amenipa siku kumi.

Wa kumbeba yupo. Nina miaka sitini na moja na mgongo wa mpiga makasia.

Jumamosi, 15 Machi

Sina mgongo wa mpiga makasia.

Mpango ulikuwa shuka. Shuka ya kitanda kikubwa, imepita chini ya tumbo la Doortje na kufungwa begani kwangu, kama mama anavyobeba mtoto. Aukje alisema hataki kushuhudia, kisha akashuka chini na kusimama mlangoni ashuhudie.

Ngazi kumi na tisa tulikwenda vizuri. Ya ishirini kiuno kilikatika. Sikuweza kushuka wala kupanda wala kufungua fundo. Tulikaa pale, mimi na yeye kwenye shuka moja. Jirani wa ghorofa ya pili alipita na mifuko yake ya sokoni akaturuka. Akatutakia siku njema.

Aukje akaja kukaa ngazi ya chini yetu. Hakusema "nilikwambia". Hilo lilinisumbua kuliko kiuno.

Nikampapasa Doortje mgongoni, nikashuka mpaka nyongani, na akaukwepa mkono wangu. Kidogo tu. Miaka minane hajawahi kuukwepa. Kisha akanilamba sikio, kama kuniomba radhi. Yeye aniombe radhi mimi.

"Kaka," Aukje akasema, "mwache apumzike."

Nilimwambia kuna vumbi kwenye ngazi hizi, linaingia machoni. Akasema ni kweli, lipo.

Jumatatu, 17 Machi

Sietse amekuja. Amepanda ngazi zote na Bink wake, hahemi, makusudi. Aukje akampa kahawa na kipande kikubwa cha keki ambayo mimi nilikuwa nimeambiwa haipo.

Alisema yeye na mkewe Hiske wana nyumba ya chini, bustani imezungushiwa ua, na Hiske anaona. Wangependa kumchukua Doortje. Nikamwuliza kama kamati imemtuma. Akasema hapana.

Kisha akasema jambo ambalo halisemi maktaba. "Mbwa wangu wa kwanza nilimfanyisha kazi mpaka akaangukia njia panda. Niliambiwa mara tatu nimpumzishe. Nikawajibu wote kwa jeuri, kama wewe. Alikufa baada ya wiki mbili. Ndiyo maana naongea sana, Wubbe. Siyo kwamba najua sana."

Nilitaka kumjibu kitu kikali. Nilikitafuta. Nilichokipata nilikisema: kwamba alifanya vibaya kuingia mstari wa pili Jumapili iliyopita, alichelewa nusu pigo. Akasema ni kweli, alichelewa.

Nikamwambia nitafikiria. Nilipomsindikiza mlangoni, Doortje aliinuka akamnusa Bink, kisha akarudi kulala juu ya viatu vyangu.

Jumapili, 23 Machi

Iandikwe wazi: sijampa Sietse mbwa. Nimeweka mpelelezi nyumbani kwake.

Wanaume wawili wa kwaya walimbeba Doortje kumshusha. Nilitembea mwenyewe nyuma yao. Hiske alikuwa ameweka godoro karibu na moto na bakuli la maji. Nililikagua godoro kwa mikono yangu, nikalikuta jembamba, nikasema. Hiske akaleta la pili.

Walinisomea masharti: dawa asubuhi na jioni, kutembea mara tatu kwa dakika kumi, chakula kwa gramu. Nikauliza na baada ya kazi atapata nini. Hiske akasema hana kazi tena, Wubbe. Nikasema basi ni malipo ya uzeeni. Hakuandika.

Nilipoondoka Doortje alikuja hadi mlangoni akajipanga kushoto kwangu, pale anaposimama siku zote, akisubiri mshikio. Nilimwambia abaki. Nilitumia sauti ya amri, kwa sababu sauti nyingine sikuwa nayo. Akabaki. Hajawahi kunitii haraka hivyo, na sikupenda.

Jumatano, 26 Machi

Fimbo nyeupe. Baiskeli zimeegeshwa kila mahali, nimeangusha sita mstari mmoja. Mwenye ya mwisho alinifokea kisha akaona fimbo akaomba msamaha. Nilimwambia asiombe msamaha, aiondoe.

Renske amepiga simu kuuliza kama niandikishwe kupata mbwa mwingine. Nilimjibu kwamba mimi Wubbe Haanstra nitatembea kwa fimbo mpaka siku ya mwisho, na kwamba shule yao ikatafute wa kumwandikia ripoti kwingine. Nikakata simu. Kisha nikapiga tena kumwuliza habari za dawa za Doortje, kama zinapaswa kutolewa na chakula. Akasema ndiyo. Nikamshukuru, nikakata tena.

Jumanne, 15 Aprili

Naenda kwa Sietse kila siku baada ya kazi. Doortje amepungua kilo mbili. Hiske anasema sasa anaruka kidogo akisikia hatua zangu langoni. Leo nilimpapasa mgongo wote hadi mkiani na hakuukwepa mkono. Tulikaa bustanini, mimi, yeye na Sietse, na Bink akiwa amelala katikati. Sietse alisema nimefanya jambo la kiume. Nilimwambia upelelezi unaendelea.

Niliporudi nyumbani Renske akapiga simu. Nilikuwa na jibu tayari, sauti ya juu, maneno ya kutosha dakika tano. Akasema kuna mbwa amemaliza mafunzo, jike, mweusi, miaka miwili, mtulivu karibu na maji. Anamwona ananifaa. Nikamwambia nilishasema hapana, na kwamba mtu mwenye msimamo haombwi mara mbili. Akasema anaelewa, atampa mwingine.

Nikamwuliza, kwa adabu tu, huyo mbwa ana kilo ngapi.

Ishirini na tano.

Nilikaa chini. Nikamwomba arudie. Ishirini na tano, akasema, na kwa sauti ya fahari. Mnyama mzima, mwenye miguu minne, anayetarajiwa kumzuia mtu wa saizi yangu kando ya mfereji, kilo ishirini na tano. Nilimwuliza huko shuleni wanawalisha nini, hewa? Akasema ni uzito sahihi kabisa kwa vipimo. Nimeshavisikia vipimo vyao.

Aukje ameshika fomu ya mbwa mpya ambayo shule ilishatutumia, mimi nimeweka saini pale alipoelekeza kidole changu. Ameniuliza nini kimenibadilisha mawazo. Sijabadilika hata kidogo. Ila siwezi kujua kwamba kuna mbwa anateswa kwa njaa nikakaa kimya.